Wajane Waliosahauliwa: Somo kwa Kamati za Parokia na Wafadhili



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo aghalabu hatulipi uzito mpaka siku gunia la mwisho linapofunguliwa: nani ameandikwa katika orodha ya kusaidiwa, na nani aliyeiandika orodha hiyo. Katika vikao vyetu tunazungumza sana juu ya kiasi cha msaada, yaani magunia mangapi, blanketi ngapi, ada za watoto wangapi. Ni mara chache tunaulizana kama waliosaidiwa ndio hasa waliostahili kutangulia, na kama nao walikuwa na sauti katika kupanga. Tunawaomba mlisome somo hili pamoja katika kikao cha kamati, mkiwa na Biblia, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

Somo la Biblia: Matendo ya Mitume 6:1-7

MANUNG'UNIKO YALIYOSIKILIZWA

Kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilikuwa na utaratibu wa kugawa chakula kwa wajane kila siku. Lilikuwa kanisa lenye upendo, na hakuna anayesema kwamba chakula hakikuwepo. Hata hivyo yalizuka manung'uniko. Waumini Wayahudi waliosema Kigiriki, ambao wengi wao walitoka katika familia zilizoishi nje ya nchi, walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo. Wajane wa Waebrania, wenyeji wa pale, walikuwa wakipata.

Tuone kwanza yale ambayo Mitume hawakuyafanya. Hawakuwakemea walalamikaji kwa kukosa shukrani. Hawakusema kwamba wageni wavumilie kwa kuwa wamekaribishwa tu. Hawakuongeza mikate kimyakimya ili kelele zitulie, wala hawakujibu wenyewe kwa faragha. Waliita mkutano mzima wa waumini na kuliweka jambo hadharani.

Kisha walitoa vigezo: wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Waliochagua ni mkutano wenyewe. Tusome sasa majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki, na wa mwisho hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa bali mwongofu kutoka Antiokia. Ni kweli kwamba hata baadhi ya wenyeji walikuwa na majina ya Kigiriki, lakini wachambuzi wengi wa Maandiko wanaona hapa kwamba wengi wa wale saba, kama si wote, walitoka upande wa walalamikaji.

Hapo ndipo kiini cha somo letu kilipo. Jamii iliyosahauliwa haikuongezewa mgawo tu, bali ilikabidhiwa meza yenyewe ya kugawia. Mwandishi wa Matendo anamalizia kwa kusema kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana. Haki katika ugawaji haikuipunguzia jumuiya ile umoja wake.

ORODHA YETU HUTOKA WAPI?

Tuchukue mfano. Tuseme parokia yenye vigango vinane imepokea magunia 60 ya mahindi wakati wa njaa, kila gunia kilo 100. Kamati imeamua kila kaya ipewe kilo 20, kwa hiyo kaya 300 zitapata. Paroko anawaomba viongozi wa vigango walete majina. Viongozi wa vigango wanawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo, nao wanafungua daftari la mahudhurio. Baada ya wiki moja orodha imekamilika, na kila mmoja aliyehusika ametenda kwa nia njema.

Je, nani hayumo katika daftari lile?

Hayumo bibi aliyeacha kwenda jumuiya kwa sababu magoti hayamruhusu kupanda kilima. Hayumo kiziwi ambaye hakusikia tangazo la Jumapili, wala hakuna aliyekwenda kumweleza. Hayumo mama aliyehamia kijijini mwaka jana kufuata vibarua vya shamba, ambaye bado anaitwa mgeni. Hayumo kijana mwenye ualbino anayeogopa kusimama kwenye msongamano wa watu. Hayumo binti aliyezalia nyumbani na kuona haya kuja kanisani. Hayumo jirani Mwislamu, ingawa njaa imeingia nyumbani kwake kama ilivyoingia kwa wengine. Na mara nyingi hayumo yule asiyelipa zaka, kwa kuwa jina lake limekwisha kuwekewa alama katika daftari jingine.

Hawa wote hawakukataliwa na mtu. Walisahauliwa tu, kama wajane wale wa Yerusalemu. Utaratibu unaoanzia kwa wanaojulikana huishia kwa wanaojulikana. Tena aliye maskini kuliko wote kwa kawaida ndiye asiyejulikana, maana umaskini humtenga mtu na vikao, michango, sherehe na hata misiba.

Tulisemee kwa uwazi suala la zaka na mahudhurio. Kuna wanakamati wanaoona kwamba mtu asiyechangia kanisa hana sababu ya kusaidiwa na kanisa. Tunaelewa uchungu wa wanaochangia kila mara. Lakini chakula cha njaa kikigeuzwa kuwa zawadi ya mahudhurio, kinakuwa malipo, nayo malipo hayaitwi huruma. Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Shirika la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika ya misaada, zenye vifungu 10, zinaelekeza kwamba msaada utolewe kwa kuangalia mahitaji peke yake, bila kujali rangi, imani wala utaifa wa mpokeaji, na kwamba usitumiwe kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Mashirika mengi ya dini yalikubali kuzifuata kanuni hizo. Msamaria mwema naye hakumuuliza majeruhi njiani anasali wapi.

KITANDA USICHOKILALIA

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati ya watu wenye afya, wenye simu na wanaokaa karibu na kanisa inaweza kupanga ugawaji mzuri sana kwa watu wenye afya, wenye simu na wanaokaa karibu na kanisa.

Harakati za watu wenye ulemavu duniani zimeieleza hekima hiyo kwa kauli fupi: hakuna jambo kuhusu sisi bila sisi. Kauli hiyo ilisikika sana wakati wa kuandaa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Shule, hospitali na miradi ya taasisi za dini yenye wafanyakazi wa idadi hiyo haina sababu ya kujiona iko nje ya wajibu huu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja kati ya sita. Basi kamati yenye orodha ya kaya 300 ambayo haikutana na mtu mwenye ulemavu hata katika kaya tano, isikimbilie kusema kwamba kwao hawapo. Ijiulize ilipita njia gani hata isiwaone.

Tunawahimiza pia kuvitumia vyama vyenyewe. CHAVITA ni chama cha viziwi, TLB ni chama cha wasioona, na SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini. Vyama hivi vina watu wanaojua ni mlango gani haupitiki na ni tangazo gani halisikiki.

KUTOKA FADHILA KWENDA HAKI

Wapo wanaoogopa neno haki katika kazi za huruma, wakidhani litamfanya maskini kuwa mdai. Lakini wazee wetu walikwisha kusema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fadhila humtegemea mtoaji, na haki husimama hata mtoaji akiwa amekasirika.

Tuangalie mfano wa Zanzibar. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea aliyetimiza masharti ya ukaazi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee hakutakiwa kuthibitisha kwamba ni maskini, wala kwamba aliwahi kuajiriwa na kuchangia mfuko wowote. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Hata hivyo mzee aliyekwenda kuzipokea alikwenda na kitambulisho chake, bila kuinama mbele ya mtu wala kuhofia kwamba amegombana na mwandika orodha.

Parokia haina bajeti ya serikali, na haiwezi kumlipa kila mzee. Inaweza kuiga roho ya utaratibu ule: vigezo viwe wazi, vijulikane na wote kabla ya majina kuandikwa, na atakayevitimiza apate bila kujali kama anapendwa au hapendwi.

APOKEAYE NAYE ANA CHA KUTOA

Kujumuisha watu ni zaidi ya kuwaongeza katika foleni. Mtu anayepokea miaka kumi bila kuombwa mchango wake wowote, wa mali, wa kazi au wa mawazo, anafundishwa polepole kwamba yeye si mwenzetu. Katika Injili ya Marko 12:41-44 Yesu anamtazama mjane maskini akitia sarafu zake mbili katika sanduku la hazina. Hakumzuia kutoa kwa sababu ya umaskini wake. Aliwaita wanafunzi wake waone kwamba ametoa kuliko wote.

Hapa nchini tunao utaratibu unaofahamika vijijini kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia hupewa mtamba, humtunza, na ndama jike wa kwanza hukabidhiwa familia nyingine. Siku ya kukabidhi, aliyekuwa mpokeaji anasimama mbele ya majirani akiwa mtoaji. Wako waliofanya vivyo hivyo kwa mbuzi, kuku na mbegu. Uzuri wake mkubwa, pamoja na maziwa na mbolea, ni kwamba unavunja ule ukuta kati ya wanaotoa siku zote na wanaopokea siku zote.

HATUA ZA KUCHUKUA KABLA YA UGAWAJI UJAO

1. Anzeni na ramani, daftari lifuate. Chukueni karatasi kubwa, chora vitongoji vyote, kisha mpite nyumba kwa nyumba pamoja na balozi, mhudumu wa afya wa jamii na mwalimu. Nyumba isiyojulikana na mtu yeyote katika kikao ndiyo ya kwanza kutembelewa.

2. Tangazeni vigezo kabla ya majina. Visomwe kanisani, vibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, na wafikishiwe viongozi wa msikiti na wa madhehebu mengine ili nao walete majina.

3. Tumieni njia zaidi ya moja ya kutoa taarifa. Tangazo la mdomo halimfikii kiziwi, na karatasi ya ukutani haimfikii asiyeona wala asiyejua kusoma. Mpangeni mtu wa kwenda nyumbani kwa hao.

4. Angalieni mahali na foleni. Je, pana kivuli, maji na viti kwa wazee? Pana choo anachoweza kuingia mtu mwenye kiti cha magurudumu? Nani atambebea bibi kilo zake 20 hadi nyumbani? Penye ngazi, wekeni njia ya mteremko. Kipimo kinachotumiwa na mafundi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ngazi zenye kimo cha sentimita 30 zinahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60.

5. Wekeni njia ya malalamiko. Awepo mtu mmoja mwaminifu ambaye si mjumbe wa kamati, mwanamke ikiwezekana, wa kupokea malalamiko. Jibu litolewe kwa tarehe iliyotajwa, hata kama jibu ni hapana.

6. Tunzeni siri za watu. Ugonjwa wa mtu, deni lake au habari za ndoa yake hazisomwi hadharani ili kuhalalisha debe la mahindi. Kumbukeni pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha zenye majina, namba za simu na hali za afya zisizagae ofisini.

7. Badilisheni viti vya kamati. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo iliyochukuliwa Yerusalemu. Waingizeni katika kamati watu kutoka makundi yanayosahauliwa, na wasiwe chini ya wawili, kwa sababu mmoja peke yake hunyamaza. Wapeni nauli kama wanatoka mbali. Wekeni kikao saa ambayo mama mwenye watoto anaweza kuja. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Kiti kisicho na sauti ni pambo tu.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: kwamba hawa watajipendelea. Huenda ikatokea. Lakini tuseme ukweli, hata kamati ya wenye nafasi inaweza kujipendelea, ila upendeleo wake umezoeleka hata hauonekani. Dawa ni ileile kwa wote: vigezo vya wazi, hesabu zinazosomwa na njia ya malalamiko.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu wafadhili, ukarimu wenu umejenga visima, madarasa na zahanati. Yapo mambo manne tunayowaomba.

Kwanza, mnapopokea ripoti, msiishie kuuliza wangapi wamesaidiwa. Ulizeni nani hakufikiwa na kwa nini. Kamati iliyo huru kulijibu swali hilo bila woga wa kukatiwa fedha itawaambia ukweli.

Pili, kubalini gharama za kuwafikia walio mbali. Nauli ya kumtembelea mlemavu kitandani, posho ya mkalimani wa lugha ya alama na mlango mpana wa choo si matumizi ya anasa. Katika ujenzi, milango mipana na njia za mteremko zikipangwa tangu kwenye mchoro huongeza takriban asilimia 1 ya gharama. Kubomoa na kujenga upya baadaye ni ghali zaidi.

Tatu, mtuvumilie kuhusu picha. Zile Kanuni za mwaka 1994 zinataka pia, katika kifungu cha 10, kwamba watu waliopatwa na maafa waoneshwe kama binadamu wenye hadhi, na si kama vitu visivyo na matumaini. Hakuna mama atakayetakiwa kulia mbele ya kamera ili apate unga. Picha itapigwa kwa ridhaa yake, na akikataa atapata mgawo wake kama wengine.

Nne, wapeni nafasi wanaosaidiwa kusema nanyi wenyewe mnapotutembelea. Msiongee na paroko, mwenyekiti na mratibu peke yao. Kaeni chini ya mwembe na akina mama saa nzima, viongozi wakiwa mbali kidogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja kaya tatu katika eneo lenu ambazo hazijawahi kusaidiwa na kamati. Mnajua sababu? Mliipata kwa nani?

2. Katika wajumbe wa kamati yenu, wangapi wamewahi kupokea msaada wenyewe? Wangapi ni wanawake, vijana, watu wenye ulemavu au wahamiaji?

3. Mara ya mwisho mtu alipolalamika kuhusu ugawaji, jibu la kwanza lilikuwa nini? Lilifanana na la Mitume?

4. Je, yupo mtu aliyekosa msaada kwa sababu ya zaka, mahudhurio au dini yake? Mtafanya nini robo ijayo?

5. Wale mnaowasaidia sasa wanatoa nini katika maisha ya jumuiya? Kama hamuoni kitu, nani amewahi kuwaomba?

Tunapendekeza kila kamati ichague hatua mbili kati ya saba zilizotajwa, iziandike katika muhtasari pamoja na jina la mhusika na tarehe, na kuzipitia tena baada ya miezi mitatu. Kamati zitakazopenda kusaidiwa kuchora ramani ya vitongoji au kumpata mkalimani wa lugha ya alama zituandikie kupitia ofisi ya parokia, nasi tutapanga safari ya kuwatembelea.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.